Kadi Yenye Udongo wa Njombe



Chukua kadi yoyote ya harusi iliyobaki nyumbani kwako, ile iliyochomekwa kwenye kioo cha kabati au iliyosahaulika ndani ya Biblia, uitazame vizuri. Usisome majina. Tazama kilicho nyuma ya majina. Mara nyingi utakuta waridi jekundu, njiwa wawili weupe, pete mbili za dhahabu, na pengine jumba lenye ngazi za marumaru. Bwana harusi ni wa Lupembe, bibi harusi ni wa Mtwango, ukumbi uko Makambako, lakini picha iliyotandazwa nyuma yao imechotwa kwenye kompyuta ya steshenari, na aliyeichora hakuwahi kusikia habari za Lupembe. Fungua kadi ya harusi ya Mbeya, waridi ni lilelile. Fungua ya Songea, njiwa ni walewale.

Leo nina jambo moja la kusema, na nitalisema kwa kirefu. Ule uwanja wa rangi ulio nyuma ya maneno unaweza kutengenezwa hapahapa kwetu, kwa kuchapa na kupaka, kwa mkono, kwa vitu vinavyoota mashambani mwetu na kwa udongo tunaoukanyaga. Ukitengenezwa hivyo, anayepokea kadi anajua imetoka wapi kabla hajasoma neno. Simaanishi wenye steshenari wafunge milango. Wana sehemu yao katika kazi hii, na nitaifikia.

Sisi Waswahili tunayajua mambo haya kupitia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Anayenunua kanga husoma jina, lakini kabla ya jina macho yake yameshauona mji na kuuhukumu. Mama anaweza kuiacha dukani kanga yenye jina tamu kwa sababu mji wake umepooza. Viwanda vya Ulaya, vya India na vya Japani vilivyokuwa vikichapa kanga zamani vililazimika kufuata macho ya akina mama wa pwani ya Afrika Mashariki, maana nguo isiyowapendeza ilirudi na hasara. Basi kadi nayo ina pindo, ina mji, ina jina. Kwenye kanga tumekuwa wakali kiasi hicho. Kwenye kadi tumekubali chochote.

Najua kuna msikilizaji anayesema: siku hizi kadi inatumwa kwa simu, nani atakaa anapaka rangi? Anasema kweli kwa kiasi. Kadi ya mchango inayozunguka kwa watu mia tatu, acha ipite kwenye simu. Ni nafuu kwa kamati, inafika haraka, na mhazini anajua nani kapokea. Kadi ya kuingilia ukumbini, ile ya singo au dabo inayokaguliwa mlangoni, hiyo nayo ichapwe kwa mashine. Lakini kuna mjomba wa bibi harusi. Kuna shangazi aliyelea. Kuna mshenga, kuna mchungaji au padri, kuna mwalimu aliyemfundisha bwana harusi darasa la kwanza, kuna jirani mzee aliyekaa na familia usiku kucha wakati wa msiba. Hao hawaalikwi kwa mlio wa simu. Hao hufuatwa nyumbani, mtu akaketi, akasalimia, akaitoa kadi kwa mikono miwili. Katika harusi ya kawaida hawazidi arobaini. Kadi arobaini ni kazi ya watu wawili kwa siku chache, na ndizo kadi ambazo zitakuwa bado zimehifadhiwa mwana wa kwanza akianza shule.

Na redio yenyewe inaijua kadi. Wasikilizaji wa umri wangu wanakumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam: mtu alinunua kadi, akajaza majina ya anaowasalimu, akaipeleka posta, akakaa na redio yake akisubiri mtangazaji aisome. Salamu iliyoandikwa Makambako ilisikika Kigoma na Mtwara. Kadi ile haikuhitaji urembo, kwa sababu hakuna aliyeiona isipokuwa mtangazaji. Ilitengenezwa kwa ajili ya sikio. Ninayoizungumzia leo ni ya jicho na ya vidole, na ndiyo maana nakaa sana kwenye rangi na karatasi.

Tuanze na karatasi. Steshenari, omba manila nyeupe ya ukubwa wa A1, yaani milimita 594 kwa 841. Hapa ndipo wengi hujichosha bure: wanakata kadi kwanza, halafu wanapaka moja baada ya nyingine. Fanya kinyume. Paka na uchape shiti nzima, ikauke, ndipo ukate. Shiti moja ya A1 inatoa vipande 16 vya A5, vinne kwa vinne, na kila kipande kikikunjwa katikati unapata kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, inayoingia bila kusukumwa kwenye bahasha ya C6, ambayo ni milimita 114 kwa 162. Kwa wale wazee arobaini unahitaji shiti tatu tu, na kadi nane za akiba. Tena kuna faida nyingine. Mkono unaocheza juu ya shiti kubwa huwa huru kuliko mkono unaobanwa na kijikadi, na ukikata, kila kadi inapata sehemu yake ya mchoro mkubwa. Hakuna mbili zinazofanana, na bado zote zinaonekana ni za ukoo mmoja.

Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Ikunje polepole bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana; upande unaokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zilikolala. Kadi ikikunjwa kufuata nyuzi, ukingo unanyooka. Ikikunjwa kukata nyuzi, inapasuka na kuonyesha weupe wa ndani, na rangi inabanduka pale pale kwenye mkunjo. Kama hesabu ya kukata inakulazimisha kwenda kinyume na nyuzi, weka rula, pitisha bik iliyoisha wino ili kuacha mfereji mwembamba, ndipo ukunje na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Sasa rangi. Iliyo bora kuliko zote tunayo njiani, na watoto wetu wanarudi nayo kwenye soksi. Udongo mwekundu wa nyanda hizi umepata wekundu wake kutokana na chuma kilichoshika kutu ndani yake kwa muda mrefu sana, na rangi ya namna hiyo haipaushwi na jua. Chota udongo safi chini kidogo ya uso wa ardhi, mahali pasipo mizizi. Ulowe kwenye ndoo, ukoroge, uache kidogo ili mchanga na kokoto zitulie, kisha mimina yale maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine ukiyapitisha kwenye kitambaa. Acha yatulie usiku kucha. Asubuhi mwaga maji maangavu, na tope laini lililobaki chini ndilo rangi yako. Changanya na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, la sivyo rangi itabaki kwenye vidole vya kila atakayeshika kadi. Jaribu kwenye kipande: ikikauka, futa kwa kidole, ikitoka, ongeza gundi. Kutoka udongo mmoja unapata rangi nyingi kwa kuongeza maji tu, kuanzia ile nyepesi ya machweo hadi kahawia iliyokolea, na udongo wa kilima kimoja haulingani na wa kilima cha pili.

Rangi ya pili ni gome la miwati. Miti hii asili yake ni Australia, na huku Njombe ililetwa kuwa zao. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya gome hilo, ambalo dawa yake hulainisha na kuhifadhi ngozi. Nguvu inayofanya ngozi isioze ndiyo hiyohiyo inayoshika kwenye karatasi. Vunjavunja gome, chemsha kwenye sufuria ya alumini kwa moto mdogo mpaka maji yawe mekundu ya kahawia, chuja. Usichemshe kwenye chungu cha chuma, kwa sababu chuma na dawa ya gome vikikutana huzaa weusi. Weusi huo ni mzuri ukiutaka kwa makusudi: loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa siku kadhaa, kisha chovya brashi humo na uguse karatasi iliyokwisha pakwa maji ya gome. Mbele ya macho yako kahawia inageuka kijivu, kisha nyeusi yenye buluu kwa mbali. Ulaya waliandika vitabu na hati kwa wino wa kanuni hii kwa mamia ya miaka. Lakini hati hizohizo zinatuonya: wino wa chuma ukizidi hula karatasi, na baada ya miaka mingi herufi hudondoka zikaacha matundu. Kwa hiyo utumie kwa matone machache, na kwa kadi ya harusi inayotakiwa ikae maisha, mimi ningeuacha kabisa nikabaki na gome peke yake.

Majani ya chai nayo hupaka. Luponde na Kibena kuna chai ya kutosha, na mashapo ya birika yanatosha kuipa manila nyeupe sura ya ukongwe. Ila chai hupauka ikiwekwa juani, kwa hiyo ni rangi ya kadi itakayokaa ndani ya bahasha, si ya kubandikwa ukutani.

Tumepaka, sasa tuchape. Na Njombe hatuwezi kuzungumza kuchapa bila kiazi. Uchapaji wa viazi walimu waliufundisha kwenye Stadi za Kazi, na watu wazima wengi wanaukumbuka kuwa mchezo wa watoto. Hauna utoto wowote ukifanywa kwa umakini. Chagua kiazi kigumu, kipya, kikubwa kwa kiganja. Kikate kwa pigo moja la kisu chenye makali; ukikatakata kama msumeno, uso unakuwa na mabonde na chapa inatoka na mapengo. Kifunike uso wake chini kwenye kitambaa kikavu, kwa sababu kiazi kina maji na wanga, na maji hayo huifanya rangi iteleze. Chonga umbo rahisi. Jani la chai, punje ya mahindi, nusu ya parachichi na kokwa yake, mlima mmoja. Usichonge uso wa mtu, kiazi hakiwezi. Usichovye kiazi ndani ya rangi. Weka rangi kwenye kipande cha sponji ya godoro kilicholowa kiasi, gusisha kiazi hapo, kisha gandamiza kwenye karatasi moja kwa moja bila kukitikisa. Chapa ya kwanza huwa nzito, ya pili ndiyo nzuri, ya tatu inaanza kufifia. Wapo wanaorudia kuweka rangi kila mara ili zote zilingane. Mimi naona mfifio huo ndio uhai wa uwanja wenyewe: nzito, nyepesi, hafifu, halafu nzito tena.

Kiazi hudumu saa chache, kikisinyaa umbo limekwenda. Ukitaka muhuri wa kudumu, tafuta soli ya ndala iliyochakaa. Sponji ya ndala inakatika vizuri kwa wembe, inashika rangi, inaoshwa na kukaa miaka. Ibandike kwenye kipande cha mbao, na mabaki ya mbao kwenye viwanda vya Makambako na Njombe hayana idadi. Kisha kuna mihuri ambayo haihitaji kuchongwa. Muanzi wa ulanzi uliokatwa kwa msumeno huacha pete safi, kubwa na ndogo kadiri ya unene wa muanzi. Gunzi la mahindi likipakwa rangi na kuviringishwa juu ya karatasi huacha safu za vidoti zilizopangika kuliko mtu angeweza kupanga. Jani la fani, lile linaloota kwenye kingo zenye unyevu, lilale kwanza ndani ya kitabu kizito usiku mmoja, kisha lipakwe rangi upande wa chini ambako mishipa imejitokeza, liwekwe juu ya manila, lifunikwe gazeti, likandwe kwa kiganja. Ukiliinua unaona hata mishipa ambayo macho yako hayakuiona kwenye jani lenyewe. Kwa rangi ya kuchapia tumia rangi ya maji ile ya kupaka ukutani. Kopo dogo la nyeupe na chupa ndogo za kukolezea vinakupa unachotaka, na hivi vyote vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Rangi ya mafuta iache. Najua baadhi yenu mtanitajia Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, huko mbele kabisa kwa anayeshika barabara ya Makambako hadi Songea na kuendelea mashariki, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kung'arisha baiskeli, juu ya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake umekuwa alama ya nchi. Lakini yeye alichora juu ya ubao. Kwenye karatasi mafuta husambaa yakaacha duara la unjano kuzunguka mchoro, na kadi mbili zikilaliana hugandana. Tumwige katika hili: alichukua rangi ya bei nafuu iliyokuwa jirani naye na akaitendea kwa heshima. Tembo na twiga wake tuwaachie wanafunzi wake.

Kuna ufundi mmoja zaidi ninaoupenda kuliko yote. Pika uji mzito wa unga wa ngano, uchuje usiwe na madonge, uache upoe, uchanganye na rangi. Lowesha karatasi kidogo, paka uji huo kwa brashi pana, na kabla haujakauka pitisha kitana. Meno ya kitana yanafukua mistari, na chini ya mistari weupe wa karatasi unachungulia. Pitisha tena ukikata mistari ya kwanza, unapata mawimbi, unapata ukili. Ukikosea, paka upya juu yake, uji unasamehe. Ufundi huu ulisitawi sana karne ya 18 katika mji wa Herrnhut, Ujerumani, ambako akina dada wa Kanisa la Moravian walitengeneza karatasi za namna hii za kufunikia vitabu, na maktaba za Ulaya bado zinazitunza. Ni Wamoravian haohao ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Walituletea nyimbo na shule. Huu wa uji wa rangi na kitana tunaweza kuuchukua wenyewe.

Baada ya kujua njia zote hizi, kishawishi ni kuzitumia zote kwenye kadi moja. Usifanye. Rangi moja ya kupaka iwe chini, nyepesi, ikauke kabisa. Rangi moja ya kuchapa juu yake, iliyokolea zaidi. Weupe wa karatasi ndio rangi ya tatu. Zaidi ya hapo mji unaanza kupigana na jina, na jina lazima lishinde, kwa sababu mzee anayesoma kwa miwani jioni anataka kujua harusi ni lini na ni wapi. Ndiyo maana hapa namrudia mwenye steshenari. Maneno yachapwe kwenye karatasi nyeupe nyembamba, yakatwe vizuri, yabandikwe katikati ya mji. Usipitishe shiti iliyopakwa rangi ya maji kwenye printa inayochapa kwa joto, kwa sababu joto hulainisha rangi hiyo ikaganda ndani ya mashine, na utakuwa umemharibia mtu mtaji wake. Mwandiko wa mkono ni bora zaidi, kama familia ina mtu wa hati nzuri. Na jina la kadi lisiogope lugha za nyumbani. Mbena aandike kwa Kibena, Mkinga wa Makete kwa Kikinga, Mpangwa wa Ludewa kwa Kipangwa, kisha habari za ukumbi na saa ziwe kwa Kiswahili.

Hali ya hewa yetu ina amri yake. Njombe mjini mwezi wa sita na wa saba ni ukungu, manyunyu na baridi. Shiti iliyopakwa asubuhi inaweza kuwa bado na unyevu jioni. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili zikauke. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na inaua watu. Zitundike jikoni penye moto wa kuni na upenyo wa hewa, au subiri. Makambako jua lipo na hewa ni kavu zaidi, lakini upepo wa Makambako unajulikana: unachukua shiti, na usipoichukua unaimwagia vumbi kabla rangi haijashika. Kaushia ndani, milango wazi, shiti zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba. Zikikauka zitakuwa zimejikunja. Zilaze kati ya mbao mbili zilizonyooka, weka tofali juu, kesho yake zimetulia. Mwezi wa nane hadi wa kumi ndio wakati wa kutengeneza akiba, kabla mvua hazijaanza. Tena inaangukia vizuri, maana Oktoba watu wanatafuta kadi za kuwatakia heri watoto wa kidato cha nne wanaoingia kwenye mtihani wa Novemba, na Desemba ni Krismasi.

Jirani zetu wa Iringa wametangulia. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, Mwingereza Susie Hart alianzisha Neema Crafts pamoja na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mikono kwa kutumia kinyesi cha tembo. Tembo hasagi vizuri sehemu kubwa ya anachokula, kwa hiyo nyuzi za nyasi hutoka zikiwa nzima, tayari kuchemshwa, kupondwa na kutandazwa kuwa karatasi. Kutoka hapo kituo kilikua kikawa na ufumaji, shanga na kazi nyingine, na kimewapa watu wenye ulemavu kazi ya ufundi na heshima yake. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini Iringa iko kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha, na watalii wanapita na kununua. Njombe watalii ni wachache. Anayeiga kwa kuchora twiga na kungoja mzungu ashuke kwenye basi la Makambako atangoja. Mnunuzi wetu ni kamati ya harusi. Ni mama anayemwandalia binti send-off. Ni Umoja wa Akina Mama wa usharika unaotaka kumuaga mchungaji, ni kwaya inayosherehekea jubilei. Kundi litakaloanza na hao halitategemea msimu wa mtu mwingine.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, linafundisha biashara ndogo. Milango hiyo ipo. Ila kadi hazihitaji mkopo wa kuanzia. Shiti tatu za manila, kopo la rangi, gundi, udongo, viazi viwili. Tengeneza kwanza za harusi moja, ya ndugu yako, uone watu wanazipokeaje.

Na walimu nawaomba jambo. Kadi ya kwanza ya UNICEF, mwaka 1949, ilitokana na picha ya mtoto wa miaka saba wa Chekoslovakia, Jitka Samková, aliyechora ili kushukuru kwa msaada ambao kijiji chake kilipata baada ya vita. Kabla ya hapo, mwaka 1843, Henry Cole wa London alikuwa amechapisha kadi zipatazo elfu moja za Krismasi zilizochorwa na John Callcott Horsley, mistari ikichapwa kwa mashine na rangi zikipakwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zote mbili zilikuwa na sura za mahali zilipotoka. Mkiwapa watoto manila, msiwape waridi la kunakili. Watoeni nje kwanza wachague jani.

Mwisho kuna upande wa nyuma wa kadi, ambao kwa kawaida huachwa mtupu. Andika pale kwa kalamu nyembamba jina la aliyeitengeneza, mahali, mwaka, na vitu vilivyotumika: udongo wa Uwemba, gome la miwati, kiazi, fani kutoka kwenye kijito cha nyuma ya nyumba. Mpokeaji akiwa Dar es Salaam au Muscat atataka kujua. Na kama ni kadi ya kuuza, weka namba ya simu ya kikundi, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kama unaweza kutengeneza nyingine arobaini kabla ya Jumamosi ijayo. Jibu kwamba Jumamosi ijayo haiwezekani, rangi inahitaji kukauka. Walete oda wiki tatu kabla.